Ugaidi na wachambuzi wa saa ya kwanza: kelele tu, au hatari?

Msomaji anauliza: "Kila linapotokea shambulio la kigaidi popote duniani, hata kabla majeruhi hawajafikishwa hospitalini, simu yangu hujaa maelezo ya watu wanaojiita wachambuzi wa usalama. Huyu anataja kundi lililohusika, yule anataja nchi iliyolituma, mwingine anasambaza picha ya mshukiwa. Mengi hubainika baadaye kuwa si kweli, na hakuna anayerudi kuyasahihisha. Je, maneno hayo yanadhuru kweli usalama na mijadala yetu, au ni kelele za mitandaoni tu? Nitamtambuaje mchambuzi wa kuaminika, na mimi niliyepokea ujumbe nifanye nini?"

Ndugu msomaji,

Yanadhuru, na sehemu kubwa ya madhara hayo haitokani na waongo. Mwongo anayetunga habari kwa makusudi yupo, na nitamrudia hapo mbele, lakini katika matukio mengi yanayofahamika vizuri aliyevuruga mambo zaidi ni mtu aliyekuwa na chembe ya habari ya kweli, akajaza mapengo yake kwa kubahatisha, kisha akaitoa yote kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Mwongo akinaswa huaibika. Huyu wa pili akikosea hujitetea kwamba alikuwa akichambua tu.

Nianze na jiji la Munich nchini Ujerumani, kwa sababu pale jambo hili linaonekana hatua kwa hatua. Jioni ya tarehe 22 Julai 2016, kijana wa miaka 18 mwenye bastola moja aliua watu tisa katika eneo la maduka la Olympia. Alikuwa peke yake. Hata hivyo baadhi ya mashuhuda walikuwa wameona gari likiondoka kwa kasi, polisi wakapata taarifa kwamba washambuliaji huenda ni watatu na wana bunduki, nao wakawatahadharisha wananchi hivyo hivyo. Tangu hapo jiji zima likaanza kuona magaidi. Katikati ya jiji, mbali kabisa na eneo la tukio, watu waliwaona askari waliovaa kiraia wakiwa na silaha mikononi, wakaandika kwamba kuna shambulio jingine. Waliousoma ujumbe huo wakatimua mbio. Waliowaona wenzao wakikimbia wakaandika kwamba kuna la tatu. Katika saa chache tu polisi walipokea simu za dharura zaidi ya 4,000, pamoja na taarifa za milio ya risasi katika makumi ya maeneo ambako hapakuwa na lolote. Askari wapatao 2,300 waliingizwa kazini. Kuna watu walioumia wakivunja madirisha ili waikimbie hatari ambayo haikuwepo, na mengi ya hayo yaliendelea wakati muuaji mwenyewe amekwisha kujiua, takriban saa mbili na nusu baada ya kufyatua risasi ya kwanza.

Hapo ndipo ilipo gharama ya kiusalama, na watu wasiofanya kazi hiyo hawaioni kwa urahisi. Askari hawezi kuidharau taarifa kwa sababu tu inafanana na uvumi, kwani ile moja atakayoidharau huenda ndiyo ya kweli. Kila ujumbe wa kubahatisha unageuka kuwa mlango unaopaswa kubishwa, barabara inayofungwa, gari la wagonjwa linalozungushwa njia ya mbali. Kikosi kilichokwenda kukagua ukumbi mtupu hakiwezi kuwa mahali pengine kwa wakati huo.

Munich ina somo lingine ambalo halitajwi sana. Usiku ule wachambuzi wengi waliuhusisha mkono wa Dola la Kiislamu. Kesho yake wapelelezi wakasema hapana, ni kijana mwenye matatizo ya nafsi aliyevutiwa na mauaji ya halaiki. Kisha mwaka 2019, baada ya miaka mitatu ya kupekua maandishi yake na mawasiliano yake, polisi wa jimbo la Bavaria wakahitimisha kwamba nia yake ilikuwa ya kisiasa, ya mrengo mkali wa kulia. Wataalamu wenye faili lote mkononi walihitaji miaka mitatu kulijibu swali ambalo mtu aliyekuwa na picha mbili za simu alikuwa amelijibu, tena kimakosa, katika dakika 40. Ajabu ni kwamba tarehe yenyewe ilikuwa kidokezo kilichokuwa wazi kwa kila mtu: siku ile ilitimia miaka mitano kamili tangu mauaji ya Norway.

Na Norway ndiyo mfano ambao kila mchambuzi angepaswa kuubandika juu ya meza yake. Tarehe 22 Julai 2011 bomu lililipuka katika majengo ya serikali jijini Oslo, na saa chache baadaye vijana wakapigwa risasi katika kisiwa cha Utøya; waliokufa kwa jumla walikuwa 77. Kabla utambulisho wa muuaji haujajulikana, mchambuzi mmoja aliyekuwa akifuatilia majukwaa ya wapiganaji wa jihadi alieleza kwamba kundi lisilofahamika sana limedai kuhusika. Dai hilo likaingia katika magazeti makubwa, na wachambuzi wengine wakalipokea kama jambo lililokwisha kuthibitika, wakaanza kufafanua ni kwa nini Norway imelengwa: wanajeshi wake walioko Afghanistan, vibonzo vya Mtume vilivyochapishwa katika nchi za Skandinavia. Sababu zilipangika vizuri na zilieleweka. Tatizo ni kwamba zilikuwa zikieleza jambo ambalo halikutokea. Muuaji, Anders Behring Breivik, alikuwa Mnorway mwenye chuki dhidi ya Waislamu, na aliwalenga vijana wa chama cha Leba cha nchi yake mwenyewe.

Tazama mnyororo ulivyojengeka. Mtu wa kwanza hakusema uongo, alilitaja dai alilolikuta. Gazeti halikusema uongo, lilimnukuu mtaalamu. Wa tatu hakusema uongo, alichambua kilichoandikwa gazetini. Kila mmoja aliegemea ukuta wa mwenzake, na ukuta wa mwisho ulikuwa umeegemea hewa. Ndiyo maana siridhiki ninaposikia kwamba habari fulani ni ya kweli kwa kuwa imetajwa na watu kumi. Ninachotaka kujua ni kama watu hao kumi wana vyanzo kumi, au wana kimoja kilichokaririwa mara kumi.

Wala tusiisingizie intaneti kila kitu. Bomu la Oklahoma City lililoua watu 168 tarehe 19 Aprili 1995 lilielekezewa Mashariki ya Kati na wachambuzi wa televisheni kabla Timothy McVeigh, askari wa zamani wa Marekani, hajafunguliwa mashtaka. Kilichobadilika tangu wakati ule ni mwendo na idadi ya wasemaji. Utafiti uliochapishwa na wanazuoni wa chuo cha MIT mwaka 2018, waliochunguza takriban simulizi 126,000 zilizosambaa katika mtandao wa Twitter, ulionyesha kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena uliozidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba iliyo kweli ilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Habari za ugaidi zilikuwa miongoni mwa walizozichunguza. Sababu waliyoitaja ni rahisi kuielewa: uongo una upya na mshangao, ilhali ukweli wa saa ya kwanza mara nyingi ni sentensi fupi isiyo na ladha, kwamba kuna mlipuko, kuna majeruhi, chanzo hakijajulikana.

Katika mjadala wa umma, madhara yanakaa muda mrefu kuliko katika operesheni. Maelezo ya kwanza ndiyo yanayotia fremu, na yanayofuata hulazimika kuingia ndani ya fremu hiyo. Shambulio likipachikwa jamii fulani saa ya kwanza, siku tatu zinazofuata hujadiliwa uhamiaji, mavazi na nyumba za ibada za jamii hiyo, na hata mshukiwa akipatikana kuwa mtu mwingine kabisa, mjadala hauvunjwi wala watu hawaombwi radhi. Mwaka 2017, watu sita walipouawa wakiwa msikitini katika jiji la Québec nchini Kanada, ilitangazwa kwamba mmoja wa washukiwa ana asili ya Moroko. Mtu huyo alikuwa shuhuda. Ofisi ya waziri mkuu ililazimika kukiandikia rasmi kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kikiwa bado hakijaufuta ujumbe wake. Hebu fikiria: waumini wameuawa ndani ya msikiti wao, na kwa saa kadhaa dunia inawajadili wao kana kwamba ndio wauaji.

Upendeleo huo una vipimo. Watafiti waliochambua mashambulio 136 yaliyotokea Marekani kati ya 2006 na 2015 walikuta kwamba yale yaliyofanywa na Waislamu yalitangazwa na vyombo vya habari kwa asilimia 357 zaidi ya mengine. Mwananchi anayelishwa kwa uwiano huo atapiga kura, atachagua jirani na atamtazama abiria mwenzake kwa hesabu iliyopinda. Halafu juu ya hesabu hiyo hujengwa maneno kama yale ya Januari 2015, mchambuzi aliyetambulishwa kama mtaalamu wa ugaidi aliposema katika televisheni ya Marekani kwamba Birmingham nchini Uingereza ni mji wa Waislamu watupu ambao wasio Waislamu hawaingii. Birmingham ina wakazi zaidi ya milioni moja, na kwa sensa ya 2011 Waislamu walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Aliomba radhi, na waziri mkuu David Cameron hakumwonea haya hata kidogo. Lakini waliomwamini mara ya kwanza si wote walioisikia radhi hiyo.

Nilisema nitamrudia mwongo wa makusudi. Baada ya mashambulio ya Paris ya tarehe 13 Novemba 2015, yaliyoua watu 130, ilisambaa picha ya mwanamume mwenye kilemba anayejipiga picha mbele ya kioo. Katika picha halisi mkononi ameshika kishikwambi. Katika picha iliyosambazwa kishikwambi kimegeuzwa Msahafu, na kifuani amevishwa fulana ya mabomu. Alikuwa Singasinga, raia wa Kanada, ambaye kwa kauli yake hajawahi kufika Paris. Aliyeichezea picha ile hakujua, au hakujali, kwamba kilemba kile ni cha dini nyingine kabisa. Gazeti moja la Hispania liliiweka katika ukurasa wake wa kwanza.

Magaidi wenyewe wanaijua njaa yetu ya maelezo, na wanailisha. Dola la Kiislamu lilidai kuhusika na mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, na FBI haikukuta uhusiano wowote. Miezi minne kabla lilikuwa limedai uvamizi wa kasino moja jijini Manila, ambao polisi wa Ufilipino waliueleza kuwa ni kazi ya mcheza kamari mwenye madeni. Kudai hakuligharimu kitu, na kila mchambuzi aliyelirudia dai bila kulipima alilipa kundi hilo nguvu ambayo halikuwa nayo. Wakati wa shambulio la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, ambamo watu 67 waliuawa, al-Shabaab ilikuwa ikiandika Twitter huku mateka wakiwa bado ndani, akaunti moja ikifungwa inafunguliwa nyingine. Zikazuka pia akaunti za bandia zenye jina lake, zikatoa orodha za "washambuliaji" na nchi walizotoka. Ilivuma kwamba ndani yumo mwanamke Mwingereza, na uvumi huo ukafika hadi katika vinywa vya viongozi. Washambuliaji 10 hadi 15 waliotajwa mwanzoni wakabainika baadaye kuwa wanne.

Muuaji wa Christchurch nchini New Zealand alikwenda mbali zaidi. Siku alipowaua watu 51 katika misikiti miwili, tarehe 15 Machi 2019, alitiririsha mauaji yale mubashara na kuacha maandishi marefu aliyoyachanganya na mizaha ya mitandaoni, mitego ya kuwafanya wachambuzi wabishane juu ya mambo ya kipuuzi na kuyasambaza maandishi yenyewe katika kubishana huko. Waliotazama mubashara hawakufika 200. Facebook ilisema kwamba katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo. Hesabu hizo mbili zinatosha kukuonyesha nani aliyefanya kazi ya usambazaji.

Kuhusu operesheni nitasema kwa ufupi. Wakati wa mashambulio ya kigaidi mjini Mumbai mwaka 2008, televisheni zilionyesha makomando wakishuka kwa kamba kutoka helikopta juu ya jengo la Nariman House, wakati waratibu wa mashambulio hayo walioko Pakistan wakiwaelekeza washambuliaji kwa simu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ilivikemea vyombo vya habari kwa hilo. Jijini Paris, Januari 2015, kituo kimoja kilitangaza kwamba kuna mtu amejificha katika chumba cha baridi cha duka la Hyper Cacher, huku mtekaji, ambaye siku hiyo hiyo alizungumza na kituo hicho kwa simu, akiwa bado yumo ndani. Leo kila mwenye simu ni kituo cha televisheni, tena kisicho na mhariri. Inawezekana kufanya vingine: polisi wa Ubelgiji walipoomba, Novemba 2015, watu wasiandike chochote kuhusu misako iliyokuwa ikiendelea Brussels, wakazi waliifurika mitandao kwa picha za paka, na kesho yake polisi wakaweka picha ya bakuli la chakula cha paka kuwashukuru.

Si haki, hata hivyo, kuwatupia wachambuzi lawama zote. Uvumi hustawi pale mwenye dhamana anaponyamaza au anapokosea. Baada ya mabomu ya treni jijini Madrid, tarehe 11 Machi 2004, serikali ya Hispania ilishikilia kwamba ni kazi ya ETA, kundi la wapiganaji waliotaka eneo la Wabaski lijitenge, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaitaja ETA katika azimio lake la siku hiyo hiyo. Waliohusika walikuwa kundi la itikadi ya al-Qaida. Nchini Sri Lanka, baada ya mashambulio ya Pasaka ya 2019, polisi wenyewe walitoa picha ya mwanamke Mmarekani asiyehusika kabisa, wakalazimika kumwomba radhi. Kwa hiyo sikuambii umwamini kila mwenye cheo. Naona tu kwamba chombo cha serikali kinachotoa taarifa fupi kila baada ya muda, hata kama ni kusema kwamba hakuna jipya, hukata mizizi ya uvumi kuliko kile kinachokaa kimya saa sita kisha kuwatisha watu kwa sheria.

Sasa utamtambuaje wa kuaminika? Mimi humtazama kwanza jinsi anavyotenganisha anachokijua na anachokidhania, na kama anataja saa aliyoandika, maana sentensi iliyo sahihi saa tisa inaweza kuwa potofu saa kumi. Namwangalia upana wake: aliyefanya kazi miaka 15 juu ya Somalia ana la kuniambia kuhusu Somalia, lakini akiwa na jibu kamili pia kuhusu Mindanao, Sahel na Oslo, naanza kumshuku. Nakwenda nyuma katika maandishi yake ya shambulio lililopita, kwa kuwa hicho ndicho kipimo ambacho hawezi kukiandaa mapema. Je, alikosea? Sote hukosea. Alirudi kusema amekosea, mahali pale pale na kwa sauti ile ile? Asiye na kosa hata moja aliloliungama ama hajasema lolote la maana, ama ameyafuta. Na yule anayeweka maandishi ya muuaji na picha za maiti ili uchambuzi wake usomwe, mimi humwacha papo hapo, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Kuhusu ujumbe uliokufikia, au video uliyoipiga mwenyewe ukiwa karibu na tukio, tofauti kubwa ni anayepelekewa. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, tarehe 15 Aprili 2013, wapelelezi waliwaomba wananchi picha na video zao, wakazipata kwa wingi, na kazi ya kuzipitia fremu kwa fremu iliwafikisha kwa ndugu wawili waliohusika. Katika siku hizo hizo maelfu ya watu mitandaoni walikuwa wakizipitia picha za aina ile ile, wakichora duara jekundu kuzunguka kila mtu mwenye ngozi ya kahawia na begi mgongoni. Gazeti moja la New York likaweka wawili wasiohusika katika ukurasa wa mbele. Wengine wakamtaja mwanafunzi aliyekuwa ametoweka tangu mwezi uliotangulia, na familia iliyokuwa ikimtafuta ikaanza kupokea matusi na vitisho. Siku chache baadaye mwili wake ulipatikana mtoni, na hakuwa na uhusiano wowote na mabomu yale. Mojawapo ya sababu zilizoifanya FBI itoe hadharani picha za washukiwa halisi tarehe 18 Aprili ilikuwa kuwanusuru watu waliokuwa wakisingiziwa. Hatua hiyo iliwajulisha washukiwa kwamba wametambuliwa, na usiku ule, wakiwa mbioni, walimuua askari mmoja wa chuo.